Mwaka Tuliochekecha Mlima

Simu ya Salma, binti wa rafiki yangu Mwanaisha, ilinikuta soko la Umoja, nimeinama juu ya mafungu ya nyanya, nikibishana na muuzaji kwamba zile za juu amezipanga nzuri na za chini ameziacha zijipange zenyewe. "Mamdogo," Salma akasema, "mama ametutoka. Alfajiri hii." Nikampa pole, nikasema inna lillahi kama nilivyowasikia wao wakisema miaka yote, ingawa mimi ni mtu wa kanisa, kisha nikabaki nimeshika simu na nyanya moja mpaka yule muuzaji akaniuliza kama nimeibiwa. Nilipofika Shauri Moyo walikuwa wameshamzika. Waislamu hawamweki maiti wao angojee watu waliokwama kwenye msongamano wa barabara ya Jogoo. Nikaambiwa nije kwenye hitma, na hadi hitma ilipofika sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilikaa nikikumbuka mwaka mmoja tu. Nilikozaliwa na wazazi wangu walikuwa watu gani, hayo hayana kazi hapa. Nilikuwa msichana mwenye nguvu zangu, nina kitanda kimoja na sufuria mbili katika nyumba ya mama mkwe wake Mwanaisha, na mimi na Mwanaisha tulikuwa vibarua wa kuchekecha mlima ambao hatukuwahi kuuona.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kaunsili, ya mawe, vyumba viwili ambavyo Bi Zuhura, huyo mama mkwe, alikuwa amevifanya vinne kwa kuvigawa na mbao nyembamba. Ubao uliotenganisha chumba changu na cha Mwanaisha ulizuia macho tu. Nilijua anapogeuka kitandani, na nilijua anapocheka peke yake akirudia barua ya mumewe Twalib, dereva wa malori ya chakula cha msaada, ambaye alikuwa akipita Lodwar kwenda mpakani na kurudi, na njia ile ilikuwa na majambazi. Jiko lilikuwa la makaa, barazani. Tulipika kwa zamu: siku yake maharagwe ya nazi na chapati laini, siku yangu ugali na sukuma, na Bi Zuhura akiukata ugali wangu kwa kijiko alikuwa akisema, "Nekesa mwanangu, huu ni wa kula au wa kujengea?" Mwanaisha alikuwa akicheka mpaka anatoka machozi, kisha anaula wote. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mkono, na hakuna mtu aliyejua kunitania kama yeye. Aliniita shoga, na kwa kuwa sikuwa na mtu mwingine mjini, neno hilo lilikuwa na uzito kwangu kuliko alivyodhani.

Kazi yetu ilikuwa Kariobangi, upande wa karakana, katika godauni lililobanwa kati ya mafundi wa kupaka magari rangi na watu wa kuchomelea mageti. Kampuni ilikuwa ndogo, na jina lake sitalitaja. Ilikufa zamani, na wafu wana heshima yao. Ilikuwa na kibali cha kutafuta shaba na dhahabu katika milima ya Pokot. Nasema kutafuta, sisemi kuchimba. Watu husikia dhahabu wakadhani ni shimo na watu wenye koleo, lakini mwanzo wa kazi hiyo ni miguu. Watu hupanda mlima, huchimba kijishimo cha kufika kiwiko, huchota udongo na kuutia kwenye mfuko, huandika namba, kisha husogea mbele na kufanya vilevile, mpaka mlima wote uwe umeonjwa. Ule udongo ndio unaosema kilichojificha chini yake. Mifuko ililetwa Kariobangi kwa lori. Sisi tuliianika ndani ya oveni, tukaponda mabonge, tukachekecha, tukachukua unga mlaini wa mwisho na kuutia kwenye vijipakiti vya karatasi vya kupelekwa maabara ng'ambo. Mwanaisha alikuwa mwenye chekeche, mimi nilipima na kufunga pakiti. Jioni tulirudi Shauri Moyo wekundu mpaka kwenye kope, na Bi Zuhura alitukataza kukalia viti.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mutiso. Tulimwita Injinia, ingawa alituambia mara nyingi kwamba yeye ni mwanajiolojia. Siku ya kwanza alitusimamisha mlangoni, akatutazama vidole, masikio na shingo. "Hapa ndani dhahabu ya mtu haiingii," akasema. "Sisi tunatafuta kitu kidogo sana, sawa? Pete yako ikisugua udongo, inaacha kitu ambacho macho yako hayaoni, lakini maabara itakiona. Mlima ambao hauna kitu unaonekana tajiri, na watu wanaanza kumwaga pesa huko." Kwa hiyo kila asubuhi Mwanaisha aliivua pete yake ya ndoa na kuiweka katika mkebe wa majani ya chai mlangoni. Mimi niliweka herini zangu humo humo, kwa madaha, ingawa zilikuwa bati tupu lililopakwa rangi na hazingemdanganya hata mtoto. Pete ya Mwanaisha ndiyo ilikuwa dhahabu ya kweli. Ilikuwa ya mama yake Bi Zuhura, na Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyemvisha.

Katikati ya mwaka Mwanaisha akapata mimba. Kwa Bi Zuhura ilikuwa furaha kubwa, lakini kazini aliificha chini ya dera na leso, kwa sababu kibarua aliyeonekana na tumbo hakufukuzwa. Hakuitwa tu kesho yake. Twalib alikuwa akileta alichopata aliporudi, na kurudi kwenyewe kulikuwa kwa majaliwa, kwa hiyo mshahara wa chekeche ndio uliolisha nyumba. Tumbo lilifichika, ila vidole vilikataa. Vilivimba, na asubuhi moja pete haikutoka. Tulijifungia bafuni na sabuni. Tukapaka mafuta ya kupikia. Tukazungusha uzi kama alivyotuelekeza jirani, mimi nimeegemeza mguu ukutani navuta, yeye analia na kucheka pamoja, "Wee Nekesa, utaning'oa mkono, nimlee mtoto na nini!" Haikusogea. Fundi yeyote wa Kariobangi angeikata kwa msumeno mdogo, na jambo lingeishia hapo. Lakini Bi Zuhura aliposikia neno kukata alishika kifua. "Mume yuko njiani kule kwenye bunduki, nyinyi mnataka kukata pete? Pete ikikatwa na mwenyewe yuko safarini, hiyo ni kumwita mauti. Mkitaka mnizikie mwanangu, ikateni." Nani angeikata baada ya hapo? Mimi ndiye niliyesema, "Si uvae glavu tu." Akavaa.

Glavu zile zilikuwa za mpira, nyepesi, na wiki hizo mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Udongo ulioletwa ulikuwa wa mgongo mmoja wa juu kabisa, mfinyanzi mwekundu ulioshikana, na hata ukikaushwa ulibaki mabonge ambayo hayapiti kwenye chekeche mpaka uyasukume kwa vidole. Mwanaisha aliyasukuma mchana kutwa. Kufikia saa sita glavu ilikuwa imechanika kwenye ncha na kwenye pete, akazungushia plasta, plasta ikachubuka, akazungushia nyingine. Niliona. Nilikuwa nimekaa mkabala naye na mizani yangu, na niliona ukingo wa pete umetokeza, na nikajiambia ni kidogo. Nilipomwonyesha, alikunja kidole ndani ya kiganja na kuniambia kwa sauti ya chini, "Shoga, usinitazame hivyo, Injinia ataona." Basi nikawa natazama mizani.

Majibu yalipokuja kwa faksi, Injinia alitoka ofisini kwake akicheka peke yake. Alibandika ramani ya mlima ukutani na kuanza kuweka alama, buluu kwa udongo wa kawaida na nyekundu palipo na dhahabu, na ule mgongo wa juu ukajaa nyekundu mpaka ukaonekana kama umepata surua. Alitununulia soda na mandazi, sisi na mafundi wa rangi pia. Kitu kimoja tu kilimsumbua, na alikisema mbele yetu huku akitafuna: upande mwingine wa mlima, palipokuwa na dhahabu kidogo palikuwa na shaba pia, vitu viwili vikitembea pamoja, ila juu kule dhahabu ilikuwa imetembea peke yake. "Lakini milima ina mambo," akasema, akafuta makombo kwenye ramani. Nikamtazama Mwanaisha. Alikuwa anatazama soda yake.

Jumamosi ile tulifanya kazi nusu siku. Lori lilikuwa limeshuka na Pkemoi, kijana mzima wa Pokot aliyekuwa akiwaongoza wale watu mlimani na kusindikiza mifuko hadi Nairobi. Mwanaisha alikuwa amechoka, akaenda nyumbani. Mimi na Pkemoi na dereva tukaenda soko la Burma kula nyama. Tulikaa kwenye benchi, mchoma nyama akatukatia mbavu kwenye ubao na chumvi pembeni, na Pkemoi hakula. Nikamuuliza kama hajapenda. "Nyama ni nzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Lakini nimesikia ile habari ya juu. Injinia amesema barabara itapasuliwa mpaka kule, kwa baruti, na mashine ya kutoboa italetwa. Mashine hiyo inakunywa maji mengi. Maji iko pahali moja tu. Ile chemchemi iko chini ya mgongo, na mama yangu anakaa hapo, na watu wa upande ule wote wanateka hapo, na mbuzi wao." Dereva akamwambia asiwe mjinga, dhahabu italeta shule. Pkemoi akasema pengine. Akasema kama dhahabu iko kweli, basi wazee wataongea, wataona la kufanya, kwa sababu mtu hawezi kukataa kitu ambacho Mungu ameweka. "Kama iko kweli," akarudia, na akaanza kula.

Nilirudi Shauri Moyo nikiwa na ule mfupa wa maneno kooni. Jumapili baada ya kanisa nilimkuta Mwanaisha barazani akichambua mchele, nikamwambia yote. Hakuinua kichwa. "Watatoboa, hawatapata kitu, wataondoka," akasema. "Pesa zenyewe ni za wazungu. Zitakuuma wewe?"

"Na chemchemi?"

"Chemchemi ya nani, Nekesa? Mimi nina huyu hapa." Akajipiga tumboni kidogo na mkono wenye unga wa mchele. "Nikishajifungua nitajua la kufanya. Miezi yenyewe mingapi? Mlima hauendi popote. Nyamaza tu, shoga. Nakuomba."

Nikasema sawa. Nataka ieleweke kwamba nilisema sawa, kwa kinywa changu, na tukapika pilau ya njegere pamoja, na nililala usingizi mzuri. Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kwa Injinia kabla sijavua herini zangu.

Nimejiuliza mara nyingi kilichonipeleka. Kwa muda mrefu nilijiambia ni Pkemoi na mama yake, na ni kweli walikuwamo. Lakini nikijitazama vizuri naona pia kwamba nilitaka kutua mzigo. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba kweli ukiisema unapumua, na nilitaka kupumua. Nilimweleza Injinia habari ya pete, ya vidole kuvimba kwa mimba, ya mfinyanzi na plasta. Nilimweleza kwamba glavu lilikuwa wazo langu na kwamba niliona ukingo wa pete nikanyamaza, ili kama kuna adhabu tugawane. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaenda akasimama mbele ya ramani, akatazama ule mgongo wenye surua. Halafu akageuka, na uso wake haukuwa na hasira kwangu hata kidogo. "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu," akasema. "Wengi wangekaa kimya. Wewe utabaki."

Alitoka nje. Mwanaisha alikuwa anafunga leso kiunoni tayari kwa kazi. Injinia hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama, nionyeshe mkono wako," na Mwanaisha akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi niliyesimama nyuma yake, na akautoa mkono, vidole vimenyooka. Bwana Mutiso alisema anasikitika, alisema kampuni ingeweza kupoteza kila kitu, na alisema na hali yenyewe ya ujauzito hii si kazi ya kufaa. Mafundi wa rangi walizima kompresa yao ili wasikie. Mwanaisha alisema, "Sawa, bwana." Akaifungua leso, akaikung'uta vumbi nje ya mlango, akajitanda vizuri na kuondoka. Injinia akanipa chekeche.

Jioni nilichelewa kurudi makusudi. Nilizunguka mpaka Burma, nikasimama kwenye mabucha kama mtu anayetaka kununua, nikafukuzwa na haya. Nilipoingia nyumbani sikusalimia mtu, nikaenda moja kwa moja chumbani na kukaa kitandani na viatu. Upande wa pili wa ubao nilimsikia Bi Zuhura akiuliza, "Kwa nini umerudi mapema leo?" Nikashika ukingo wa kitanda. Nilijua kwamba akisema neno moja tu, usiku huo vitu vyangu vitakuwa barazani, na ningestahili. "Nimeacha kazi, mama," Mwanaisha akasema. "Vumbi lile si zuri kwa mtoto. Nimefikiri nikaona hapana." Bi Zuhura akafurahi, akasema alhamdulillahi, hayo ndiyo aliyokuwa akimwambia siku zote, riziki ni ya Mungu. Baadaye kidogo ukaja mlio wa sahani, kisha ubao ukagongwa kwa kidole, kama alivyozoea kunigongea. "Nekesa. Njoo ule, chakula kinapoa." Nikaenda. Yalikuwa maharagwe ya nazi. Alinipakulia kama kawaida, akaninyima chapati ya juu iliyoungua akaila yeye, na akaniuliza kama mvua imenikuta njiani.

Ningeweza kuishi na hayo, nadhani, kama mambo yangeishia hapo. Ningesema nilichagua mama yake Pkemoi nikamwacha Mwanaisha, na mtu akichagua lazima kuna anayeachwa. Lakini wiki iliyofuata ilikuja faksi nyingine, yenye majibu yaliyokuwa yamebaki. Injinia aliniita, akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Akanieleza kwamba mlimani, kati ya mifuko ya udongo, watu wake hutia mifuko michache ya mchanga wa mto wa mbali, mchanga unaojulikana hauna dhahabu kabisa, wakaipa namba kama mingine. Sisi wa Kariobangi hatuambiwi ni ipi. Ikitoka maabara na dhahabu, basi uchafu umeingia njiani. "Ni mtego wetu," akasema. Na mchanga uliopita kwenye chekeche wiki zile za mfinyanzi ulikuwa umerudi na dhahabu. "Kwa hiyo tungejua tu, hata usingesema. Tungeosha kila kitu, tungebadilisha machekeche, tungechekecha upya. Lakini umetupunguzia wiki nzima, Nekesa."

Nikamuuliza, kama ningenyamaza, angejuaje ni nani. "Tusingejua," akasema. "Chekeche ni chafu, oveni, lori, kitu chochote. Tungewagombeza wote, basi." Na akarudi kwenye karatasi zake.

Hapo ndipo hatia yangu inapokaa, na imekaa hapo mpaka leo. Barabara isingepasuliwa. Chemchemi ilikuwa salama kabla sijafungua mdomo. Mchanga wa mto ulikuwa tayari uko njiani kuitetea. Kitu pekee ambacho maneno yangu yaliongeza kwenye habari ile kilikuwa jina la Mwanaisha. Kweli yenyewe ilikuwa inakuja bila jina, na mimi nikaikimbilia mbele nikaibandika. Watu wameniambia, wale wachache niliowasimulia, kwamba sikuwa na namna ya kujua. Mchungaji wangu amesema hivyo, marehemu mume wangu alisema hivyo. Najua sikuwa na namna ya kujua. Nilikuwa na namna ya kungoja, na nilikuwa nimeombwa kungoja, na nilikuwa nimesema sawa.

Udongo wa mgongo ule ulichekechwa upya kwa mikono yangu isiyo na kitu, na ukawa udongo tu. Shaba ya upande mwingine nayo haikutosha, na kabla mwaka haujaisha kambi ya mlimani ikafungwa. Pkemoi, ambaye naye alipoteza kazi, alishuka na lori la mwisho akaniletea asali ndani ya chupa ya plastiki. Alikuwa amesikia ni mimi niliyesema. "Mama yangu amesema ushukuriwe," akaniambia, akaushika mkono wangu kwa mikono yote miwili. Sikuweza kuila asali ile. Niliiweka mbele ya Mwanaisha, nikamwambia imetoka wapi na kwa nini. Akaifungua, akachovya kidole kilichovimba. "Tamu," akasema. "Huyo mama yake ana nyuki wazuri." Akampelekea Bi Zuhura nusu.

Hakuwahi kuniuliza. Nilijaribu kulizungumza mara ya kwanza alipokuwa ameanza kukaanga bajia nje ya lango, moshi umemjaa machoni na tumbo limefika kooni, nikasema, "Mwanaisha, kuhusu ile Jumatatu," akanikatiza, "Nipitishie chumvi." Mara ya pili ilikuwa hospitali, siku alipojifungua Salma. Mikono yake ilikuwa imevimba vibaya, kidole kimegeuka rangi, na nesi alikuwa ameikata ile pete bila kumuuliza mtu, krak, akaitia kwenye bahasha. Twalib wakati huo alikuwa Lodwar na alirudi mzima, akaishi na mkewe hadi uzee wao. Nilisimama kando ya kitanda nikaanza kulia, Mwanaisha akadhani nalia kwa ajili ya mtoto, au aliamua kudhani hivyo. "Mbebe," akasema. "Usimwangushe tu, wewe na mikono yako ya ugali." Sikujaribu tena. Bajia zake zilikuja kujulikana mpaka Kaloleni, lakini zilimzeesha. Alisimama kwenye moto ule miaka mingi, na kifua kilichomwua kilianzia pale. Mimi nikapanda cheo katika kazi ambayo chekeche lake lilinifungulia. Nimefundisha wasichana wengi kutayarisha udongo wa milima ya watu. Mlangoni nawatazama vidole kabla ya nyuso, na nikiona aliyeanza kunenepa namhamishia kwenye kufunga pakiti kabla hajaniomba. Wananiona nina roho nzuri.

Siku ya hitma nilikwenda na neno langu limeiva. Nilikuwa nimeamua kumvuta Salma kando na kumwambia: mama yako hakuacha kazi, mimi nilimfukuzisha. Nilikuwa nimelirudia njia nzima. Dua ilisomwa, masinia ya pilau yakaletwa, nikakaa mkekani na wanawake wa ukoo, wengi wao wasichana ambao hawakumjua Bi Zuhura wala nyumba ya mbao. Salma akaja akakaa karibu nami. Ni mwalimu sasa, ana sauti ya kuzoea darasa. Binamu mmoja aliyekuwa akinyonyesha alikuwa akilalamika kwamba mwajiri wake hampi ruhusa, na Salma akamwambia, "Mama yangu alikuwa na kazi nzuri, kampuni ya dhahabu. Akaiacha. Akaiacha kwa ajili yangu, niko tumboni, nisivute vumbi lile. Akaenda kukaanga bajia. Mimi nikichoka na maisha, hiyo ndiyo huwa nakumbuka, kwamba kuna mtu aliniweka mbele hata hajaniona." Macho yake yalikuwa yamejaa. Akanigeukia. "Mamdogo ulikuwapo. Waambie."

Wanawake wote wakanitazama. Neno langu lilikuwa papo hapo, na nikaona lingefanya nini: mimi ningepumua, kama nilivyopumua ofisini kwa Injinia, na angelilipia mtu mwingine, tena mbele ya watu, tena wa nyumba ile ile.

"Ndivyo," nikasema. "Nilimsihi abaki hata mwezi mmoja zaidi. Akakataa. Akaniambia, kazi nitapata nyingine, huyu sitapata mwingine."

Binamu akasema mashaallah. Salma akaniinamia begani akalia, akinishukuru kwa kumpa maneno ya mama yake ambayo hakuwahi kuyasikia, na mimi nikamshika kichwa mpaka akanyamaza. Kisha nikala pilau niliyopakuliwa, yote. Msamaha niliokwenda kuuomba nilirudi nao Umoja, na sasa hakuna tena wa kumwomba.